Indiketa ya Land Rover ikiganda, usikimbilie dukani

Lalamiko ni lile lile, liwe limetoka Malindi, Likoni au Msambweni. Ukisukuma mkono wa indiketa, taa inawaka na inabaki imewaka. Haipepesi. Ule mlio wa tik-tak nyuma ya dashibodi haupo, na ile taa ndogo mbele ya dereva imekodoa kama jicho la samaki. Fundi wa kwanza kuulizwa hujibu hata kabla hajafungua boneti: "Mzee, flasha imekufa." Flasha inanunuliwa, inafungwa, na taa inaganda vile vile. Basi sasa lawama inahamia kwenye mkono wenyewe wa indiketa, ambao si wa bei ndogo, na wa asili haupatikani ovyo. Nao ukifungwa, taa bado imeganda.

Nimefungua taa nyingi za namna hii, na msimamo wangu ni kwamba flasha husingiziwa kuliko kifaa chochote kingine katika gari la zamani. Mara nyingi flasha iko sawa na inatenda vile ilivyoundwa itende: inakataa kupepesa kwa sababu umeme unaopita ndani yake ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Kazi ya mwenye gari ni kutafuta kilichoupunguza umeme huo, na kwa sisi tunaoishi karibu na bahari, jibu huwa aghlabu ni chumvi.

Nitatumia mfano wa Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kwa sababu bado zinaonekana huku kwetu na kwa sababu bodi yake ina tabia ya peke yake, nitakayoieleza. Lakini kanuni ni zile zile kwa Peugeot 504, Morris, Datsun za zamani na Volkswagen zile za mgongo wa kobe, maadamu gari bado linatumia flasha ya joto na balbu za waya.

Kabla ya hapo, neno moja kuhusu usalama. Taa ya rangi ya machungwa isiyopepesa haimwambii mtu kitu. Usiku inaonekana kama taa ya kuegesha. Fikiria uko katika barabara ya Mombasa–Malindi, unataka kukata kulia kuingia njia ya mchanga, nyuma yako kuna bodaboda aliyebeba abiria wawili. Yeye anaona gari linapunguza mwendo, haoni ishara, anaamua kukupita kulia. Ajali za namna hii hazihitaji mwendo wa kasi. Kanuni za kimataifa zinataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Ukihesabu kwa saa ya mkononi kwa nusu dakika na ukapata kati ya 30 na 60, uko ndani ya mpaka. Mpaka utakapoitengeneza, shusha kioo na utoe mkono wa kulia nje, umenyooka, kabla ya kukata kulia. Wazee walifanya hivyo miaka mingi.

Ndani ya kile kikopo

Flasha ya zamani ni kikopo kidogo cha bati kilichofichwa nyuma ya dashibodi. Ndani yake mna utepe mwembamba wa chuma ulioshikilia kibati kilichopinda kama upinde, na kontakti mbili zinazogusana. Ukiwasha indiketa, umeme wote wa zile balbu mbili za upande huo hupita katika utepe. Utepe unapata moto na kurefuka. Ukirefuka, kibati kinaruka na kontakti zinaachana, taa zinazima. Utepe unapoa, unajikaza tena, kibati kinarudi na taa zinawaka. Ule mlio wa tik-tak ni kibati hicho kikiruka.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Utepe ule hauna saa ndani yake. Unategemea joto, na joto linategemea kiasi cha umeme. Balbu ya indiketa ni ya wati 21. Kwa betri ya volti 12 balbu moja huvuta ampea 1.75, na mbili huvuta ampea 3.5. Flasha imepimwa kwa mzigo huo. Balbu moja ikikatika, au umeme ukizuiliwa njiani na kutu, utepe haupati joto la kutosha, haurefuki vya kutosha, kontakti haziachani, na taa inabaki imewaka. Waliobuni kifaa hiki waliona ni faida: dereva akiona indiketa imeganda anajua kuna balbu iliyokufa, hata bila kushuka garini.

Kwa hiyo taa iliyoganda ni ujumbe. Kubadilisha flasha bila kusoma ujumbe ule ni kama kumfukuza tarishi.

Upande mmoja au pande zote mbili?

Swali hili linaokoa nusu ya kazi, na halihitaji hata bisibisi. Washa swichi ya gari, jaribu kushoto, kisha jaribu kulia.

Ikiwa upande mmoja unapepesa vizuri na mwingine umeganda, flasha ni nzima. Ni moja tu, inahudumia pande zote mbili. Haiwezi kuwa hai kushoto na maiti kulia. Usiiguse. Shida iko katika upande ulioganda, kuanzia kwenye mkono wa indiketa hadi kwenye balbu.

Ikiwa pande zote zimeganda, lakini balbu zote nne zinawaka kwa nguvu, mbele na nyuma, hapo ndipo flasha ina kesi ya kujibu. Kontakti zake huenda zimeshikana, au ni ya uwezo usiolingana na balbu zako. Lakini pia tazama betri. Ukiona zinaanza kupepesa pale unapokanyaga mafuta, basi tatizo ni volti ndogo: betri imechoka au chaji haitoshi.

Ikiwa pande zote zimeganda na taa zina mwanga hafifu, fuata njia ya umeme kabla haujafika kwenye flasha: fyuzi iliyolegea, kiungo chenye kutu, au swichi ya taa za hatari. Katika magari mengi ya Kiingereza ya miaka hiyo, umeme wa indiketa hupita kwanza ndani ya swichi ya taa za hatari. Swichi hiyo haiguswi mwaka mzima, kontakti zake zinaota ukungu, nayo inazuia umeme wa indiketa kimya kimya. Ibonyeze na kuiachia mara ishirini hivi. Nimeona indiketa zikifufuka kwa dawa hiyo tu.

Na tafadhali, fyuzi isifungwe kwa karatasi ya sigara. Waya za gari hili zina umri wa miaka arobaini na zaidi, zinapita karibu na tangi na nyuma ya viti.

Sasa zunguka gari

Upande ulioganda umejulikana. Iache indiketa imewaka, shuka, tazama ya mbele kisha ya nyuma. Moja ikiwa haiwaki kabisa, umefika. Fungua kifuniko chake cha plastiki utazame balbu. Nywele iliyokatika inaonekana, na kioo huwa cheusi au cheupe kama maziwa. Balbu sahihi ni ya volti 12 na wati 21, yenye nywele moja. Katika maduka ya vipuri huitwa 382. Usikubali upewe ya wati 10 au 5 kwa kuwa "inaingia." Itaingia na itawaka, na flasha itaganda, kwa sababu mzigo haujafika. Ile ya nywele mbili, 380, ni ya breki na taa ya nyuma. Pini zake hazikukaa sawa, na mtu huilazimisha kwa koleo mpaka soketi inaharibika.

Zote mbili zikiwa zinawaka lakini moja ni hafifu kuliko mwenziwe, basi karibu kwenye sehemu ngumu, na iliyo ya kwetu hasa.

Waya mweusi na chumvi

Umeme ukishatoka kwenye balbu lazima urudi kwenye betri. Njia ya kurudia ni waya mweusi, ambao mafundi huuita ethi, unaokwenda kufungwa kwenye bodi au chesisi. Gari la bodi ya chuma husamehe mengi. Land Rover haisamehi, kwa sababu bodi yake ni ya alumini. Ilipozinduliwa mwaka 1948, Uingereza ilikuwa bado na upungufu wa chuma baada ya vita, na alumini ilipatikana. Desturi ikabaki mpaka Series III. Watu husifu kwamba haishiki kutu. Kweli, haigeuki nyekundu. Lakini funga skurubu ya chuma kwenye bati la alumini, kisha weka unyevunyevu wenye chumvi katikati, na umetengeneza betri ndogo ambayo alumini ndiyo inayoliwa. Kinachobaki ni unga mweupe kama chokaa, na unga huo haupitishi umeme.

Huku kwetu, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini unaleta chumvi hiyo mpaka ndani ya taa. Gari lililolala usiku Nyali au Shela ya Malindi linaamka na utando unaonata kwenye kioo. Utando huo huo uko nyuma ya madigadi, kwenye kila kiungo cha waya. Ndiyo maana ushauri uliomo katika vitabu vya mafundi wa Ulaya, wa kukagua viungo pale tu panapotokea hitilafu, hautufai. Gari la Nairobi linaweza kukaa miaka na ethi ile ile. La Pwani haliwezi.

Jaribio la ethi ni rahisi na halina gharama. Chukua waya mrefu, ncha moja uifunge kwenye kichwa hasi cha betri. Iache indiketa imewaka na kuganda. Ncha ya pili iguse kwenye mwili wa chuma wa soketi ya balbu ile hafifu. Usiguse ile kontakti ya katikati. Kama taa itang'aa ghafla na flasha ikaanza kupepesa, mshitakiwa ameshikwa: ethi ndiyo mbovu, na kila kitu kingine kiko sawa. Mwenye mita ya umeme anaweza kupima vilevile: ncha moja kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine kwenye mwili wa soketi, taa ikiwa imewaka. Ethi nzima itaonyesha karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au volti nzima, umeme huo unapotelea kwenye kutu.

Kuitengeneza kunataka subira zaidi ya vifaa. Toa kwanza waya wa kichwa hasi cha betri. Ufuate waya mweusi kutoka kwenye taa. Utakutana na viungo vya kizamani vya Kiingereza: kichwa cha shaba kama risasi ndogo, kilichosukumwa ndani ya mkebe mwembamba uliovikwa mpira. Mpira huo unahifadhi maji vizuri kuliko unavyoyazuia. Vichomoe kwa kuzungusha taratibu, usivute waya. Mikebe iliyooza usiisafishe, badilisha. Ni vitu vya bei ndogo. Vichwa vya shaba vyenye kijani vinasafishika kwa msasa laini. Wapo mafundi wanaotumia ndimu, na inafanya kazi, asidi yake inakula ule ukijani. Ila lazima uoshe kwa maji matamu na ukaushe kabisa, la sivyo umepanda kutu mpya. Wala usiitumie juu ya alumini.

Kisha ile skurubu inayofunga ethi kwenye bodi. Ikwangue sehemu yake mpaka metali ing'ae, skurubu uibadilishe, uweke na washa yenye meno. Ukishakaza, ndipo upake grisi au vaselini juu yake kuzuia hewa. Usipake kabla ya kukaza ukidhani itasaidia umeme kupita. Kazi yake ni kuzuia maji tu.

Mimi mwenyewe kwa gari la Pwani siamini tena bodi ya alumini kama njia ya umeme. Napitisha waya mpya mweusi, wa nyuzi nyingi, wa milimita 1.5 za mraba, kutoka kila taa mpaka kwenye chesisi ya chuma au moja kwa moja kwenye kichwa hasi cha betri. Ni mita chache za waya na mchana mmoja wa kazi. Usitumie waya wa nyumba wenye uzi mmoja mnene. Mtikisiko wa gari unaukata ndani ya ngozi yake na hutaona ulipokatika. Taa za nyuma zinastahili waya huu zaidi ya za mbele, kwa sababu viungo vyake viko chini ya bodi, mahali gurudumu linaporushia matope.

Rangi za waya zitakuongoza usipotee. Katika magari ya Kiingereza ya kipindi hicho, kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto, kijani chenye mstari mweupe ni ya kulia. Kijani mpauko chenye mstari wa kahawia hutoka kwenye flasha kwenda kwenye mkono wa indiketa. Kijani kitupu huleta umeme kutoka kwenye fyuzi. Lakini gari lililopita mikononi mwa mafundi watano litakuwa na rangi za mafundi watano, kwa hiyo amini mita kuliko macho.

Mkono usiorudi

Kuna kuganda kwa namna nyingine: indiketa inapepesa vizuri, lakini ukishamaliza kona mkono haurudi katikati, na unakwenda mpaka Mtwapa ukiwadanganya wenye tuktuk kwamba unakata kushoto. Hilo si la umeme. Ndani ya mkono mna kidole cha plastiki kinachoguswa na usukani unaporudi. Plastiki ya miaka arobaini, ikiokwa na jua letu, inavunjika. Hapo ndipo kununua mkono mpya kuna maana. Lakini kumbuka kwamba kona ndogo, ambapo usukani haukuzunguka sana, haitarudisha mkono hata katika gari jipya.

Tukiwa hapo, neno "indiketa imekwama" lina historia yake. Morris Minor mpaka mwaka 1961 zilikuwa na vikono vidogo vinavyochomoza kutoka kwenye nguzo ya mlango, na vilikwama kweli kweli, kwa kukosa mafuta au kwa kupinda. Dereva alipiga ngumi nguzo, kikono kikatoka.

Balbu za LED

Kila mwezi sasa kuna mtu amebadilisha balbu zake kuwa LED ili zing'ae, halafu indiketa zote zimeganda. Sababu umeshaijua: LED inavuta umeme kidogo mno, sehemu ndogo tu ya ule wa balbu ya wati 21, na utepe wa flasha hauhisi kitu. Wauza vipuri hutoa tiba ya rezista ya kufungwa sambamba na kila taa ili kuongeza mzigo. Inafanya kazi, lakini rezista hiyo inaungua moto kiasi cha kuyeyusha plastiki, na kuiweka nyuma ya taa ya gari kuukuu silipendi. Afadhali flasha ya elektroniki, ambayo ina saa yake ndani na haijali mzigo.

Hapa kuna mtego. Flasha ya zamani ya Lucas ina vichwa viwili, B kwa umeme unaoingia na L kwa unaokwenda kwenye taa, na nyingine zina cha tatu, P, cha ile taa ndogo ya dashibodi. Ya elektroniki nayo huwa na vitatu: B, L na E, au kwa namba za Kijerumani 49, 49a na 31. E na 31 ni ethi. Kijana akiona vichwa vitatu hapa na vitatu pale huhamisha waya moja kwa moja, na waya wa P unaishia kwenye ethi, au ethi inaishia kwenye P na fyuzi inaondoka. Soma herufi kwanza. Waya wa E ni mpya, unautengeneza wewe.

Na wenye kuvuta boti kwa trela: chomoa plagi ya taa kabla trela haijaingia majini. Balbu yenye moto ikikutana na maji ya bahari hupasuka, na soketi iliyolowa chumvi hupitisha umeme kutoka pini moja hadi nyingine, mpaka utaona indiketa ya kushoto ikiwaka kidogo unapowasha ya kulia. Ukirudi nchi kavu, mwagia soketi maji matamu, ipepee ikauke, ndipo uchomeke tena.